Tiketi nakata mimi, maili anapata bosi: maswali tunayoulizana makatibu wa Tanga

Kazi ya sekretari haiishii kwenye kupokea simu na kuchapa dokezo. Mkurugenzi akitaka kwenda Addis Ababa, Dubai au Amsterdam, anayehangaika ni wewe: unampigia ajenti, unawabembeleza uhasibu watoe hela, unaamka saa kumi usiku kuhakikisha dereva ameshatoka. Bosi anarudi na mkoba mpya na maili zake. Wewe hata kalenda huna.

Nimekaa kwenye meza hiyo miaka mingi, kwanza kiwandani, baadaye kwenye ofisi inayoshughulika na mizigo ya bandari. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wenzangu kila tukikutana. Nimeanza na mepesi. Kama unajua tayari maili ni nini, ruka uende swali la 3.

## Mambo ya mwanzo

1. Maili ni nini hasa? Na mbona wengine wanasema pointi?

Ni alama ambazo kampuni ya ndege inamwandikia abiria kila anaposafiri nayo. Zikifika kiasi fulani anazibadilisha kwa tiketi, kwa kiti cha daraja la juu au kwa mzigo wa ziada. Jina limetokana na umbali: American Airlines walipoanzisha mpango wao wa AAdvantage mwezi Mei 1981, abiria alihesabiwa maili alizoruka. Siku hizi kampuni nyingi zinahesabu pesa aliyolipa, wala si umbali (swali la 8), lakini jina limebaki. Ni kama Ngamiani kwetu: ngamia hatuwaoni, jina lipo.

Kila kampuni ina jina lake. Ethiopian wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, KLM na Air France wana Flying Blue, Turkish wana Miles&Smiles, RwandAir wana Dream Miles, Kenya Airways wana Asante. Qatar wanaita programu yao Privilege Club, na alama zake zinaitwa Avios.

2. Nimekata mimi, nimelipia mimi, kwa nini maili zimekwenda kwa bosi?

Kwa sababu maili zinafuata jina lililoandikwa kwenye tiketi na mtu aliyekaa kwenye kiti. Aliyelipa hatazamwi, aliyekata hatazamwi. Hata ukilipia kwa kadi yako ya benki ukisubiri ofisi ikurudishie, maili ni za aliyesafiri.

Wapo wanaojaribu ujanja wa kuweka namba yao ya uanachama (ile anayopewa mtu akijiunga na programu) kwenye buking ya bosi. Mfumo unalinganisha jina la tiketi na jina la akaunti, hayalingani, maili haziingii popote. Haziji kwako, na kwa bosi haziendi mpaka zidaiwe (swali la 11). Na bosi akija kuuliza mbona safari ya Istanbul haionekani, utakuwa na kazi ya kueleza.

3. Basi hakuna programu inayomtuza anayekata tiketi?

Zipo, ila kuna mambo matatu yanayofanana kwa mbali na watu huyachanganya.

La kwanza ni akaunti ya kampuni. Emirates wana Business Rewards, Air France na KLM wana bluebiz, Qatar wana Beyond Business, na American Airlines tangu 2023 wana AAdvantage Business. Hapa ofisi inajiandikisha kama ofisi na kupewa namba yake, kisha namba hiyo inaingizwa kwenye buking ya kila mfanyakazi anayesafiri. Bosi anaendelea kupata maili zake binafsi, na ofisi inapata pointi zake pembeni. Safari moja, mavuno mawili. Kwenye bluebiz hesabu ni rahisi kuliko kote: krediti moja ni sawa na euro moja ya kununulia tiketi nyingine. Anayeendesha akaunti hii mara nyingi ni sekretari. Nywila anayo yeye, salio analiona yeye, ndiyo maana wengi wanadhani pointi ni zao. Ni za ofisi.

La pili ni programu inayomlenga mkataji mwenyewe, kwa jina lake. Kwa upande wa ndege hizi ni adimu. Zamani mashirika kadhaa yalikuwa na klabu za makatibu, yakiwaalika chakula cha jioni na kuwapa zawadi, na hesabu yao ilikuwa ya mfanyabiashara: bosi hasemi "nikatie shirika fulani," anasema "nikatie tiketi ya Jumatano." Anayechagua shirika ni wewe. Leo mfano ulio wazi zaidi uko kwenye hoteli. Kundi la IHG, wenye Crowne Plaza na Holiday Inn, wana Business Rewards inayompa anayewekea wengine vyumba au kumbi za mikutano pointi 3 kwa kila dola 1 inayostahili, na pointi hizo zinaingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Anayelala hotelini anabaki na zake.

La tatu ni zawadi za mkononi. Afisa mauzo au ajenti anakuletea vocha, anakutumia hela ya chai kwenye simu, anakuahidi tiketi ya Zanzibar ukifikisha tiketi ishirini. Hiyo si programu, hata wakiipa jina zuri. Ina miiba, na nimeieleza kwenye swali la 14.

4. Ofisi yetu ni ndogo, watu sita tu pale Chuda. Akaunti ya kampuni inatuhusu?

Inawahusu zaidi kuliko viwanda vikubwa. Programu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ndogo na za kati. Kampuni kubwa hukaa mezani na shirika la ndege na kukubaliana bei moja kwa moja.

Kabla hujajaza fomu, hakikisha Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kujiandikisha, maana si kila programu iko wazi kila nchi. Andaa barua pepe ya ofisi, usitumie yako ya nyumbani. Andaa pia namba ya usajili wa kampuni na TIN. Na piga hesabu kwanza: ofisi inayosafirisha mtu mmoja nje mara moja kwa mwaka haina haja ya kupoteza mchana mzima kwa hili.

## Kufungua akaunti na kukata tiketi

5. Kujiunga ni shilingi ngapi?

Bure, kwa mtu binafsi na kwa ofisi. Anayekudai hela ya "kufungulia akaunti" anakuibia.

6. Bosi anapanda mashirika matano tofauti. Nimfungulie akaunti tano?

Mbili au tatu zinatosha, ukijua nani yuko kundi gani. Mashirika makubwa yamegawana katika miungano mitatu: Star Alliance iliyoanza 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Ethiopian na Turkish wako Star Alliance. KLM na Kenya Airways wako SkyTeam. Qatar yuko oneworld. Emirates anatembea peke yake.

Kwa hiyo mwenye namba ya ShebaMiles akipanda Turkish anaweza kuomba maili ziingie ShebaMiles, badala ya kuwa na vijisalio vidogo viwili visivyonunua chochote. Angalia safari za miaka miwili iliyopita kwenye faili. Ukiona nyingi zinapita Addis, chagua huko. Kosa ninaloliona sana ni akaunti saba, kila moja ina maili mia sita, na zote zinaelekea kufa kwa muda. Za Skywards, kwa mfano, zinadumu miaka mitatu, kisha zinafutika mwishoni mwa mwezi wa kuzaliwa wa mwanachama. Nimeweka miezi ya kuzaliwa ya mabosi wangu wote kwenye kalenda ya ukutani. Wanadhani ni kwa ajili ya keki.

7. Jina niandike vipi? Bosi ana majina matatu.

Hapa ndipo maili nyingi za Tanga zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pasipoti yetu ina sehemu mbili: jina la ukoo, na majina mengine. Tuseme mtu anaitwa Hassan Juma Mbwana. Kwenye pasipoti Mbwana ndilo la ukoo, na Hassan Juma ndiyo mengine. Tiketi itatoka MBWANA/HASSAN JUMA MR. Lakini ofisini kila mtu anamwita Hassan Juma, barua zake zinasema Hassan Juma, hata kibao cha mlangoni. Sekretari anamfungulia akaunti ya maili kwa jina hilo. Mfumo unamchukua Juma kuwa jina la ukoo. Siku ya kulinganisha, Mbwana na Juma hawajuani.

Nimefanya kosa hili mimi mwenyewe. Mzee wangu wa kwanza alisafiri Ulaya mara nne, na kila nikifungua akaunti nakuta sifuri. Nilimlaumu ajenti, nikalaumu shirika, nikaandika barua pepe yenye maneno makali. Walinijibu kwa upole sana: jina kwenye akaunti halifanani na la tiketi. Nikatuma nakala ya pasipoti, wakarekebisha. Safari mbili za mwisho zikaingia. Mbili za kwanza zilikuwa zimeshapita muda wa kudai (swali la 11). Mzee hajajua hadi leo.

Kwa hiyo fungua pasipoti, weka mezani, nakili herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mohamed yenye "d" moja mwishoni, usiandike Mohammed kwa sababu ndivyo ulivyozoea. Na ukiona kwenye tiketi cheo kimegandana na jina, kama HASSAN JUMAMR, usipige kelele. Mifumo ya ndege ndivyo inavyoandika.

8. Tiketi moja inaleta maili ngapi?

Inategemea programu, na mara nyingi inategemea nauli. Flying Blue tangu 2018 wanahesabu kwa euro: mwanachama wa ngazi ya chini kabisa anapata maili 4 kwa kila euro, na wa ngazi ya Platinum, ya wanaosafiri sana, maili 8. Kodi za serikali na tozo za uwanja hazihesabiwi. Chukua tiketi ya Dar kwenda Amsterdam ambayo nauli yake bila kodi ni euro 600. Mgeni anapata maili 2,400. Wa Platinum anapata 4,800 kwa kiti kilekile, chakula kilekile.

Kwingine kuna kitu kingine cha kutazama: herufi ya daraja la nauli kwenye tiketi. Abiria wawili wanaweza kukaa pamoja daraja la kawaida, mmoja akapata maili zote na mwenzake robo tu, kwa sababu tiketi yake ilikuwa ya bei ya kutupwa. Ukimuuliza ajenti bei, muulize na herufi.

9. Tunakata kwa ajenti. Maili zinapotea?

Hazipotei. Mpe ajenti namba ya uanachama ya bosi na, kama mnayo, namba ya akaunti ya kampuni, kabla hajatoa tiketi. Kisha chukua namba ya buking ya herufi sita, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, uone kama namba imekaa. Ajenti wengi wa mjini ni waungwana, lakini wana wateja wengi na vidole viwili. Ukisahau, mara nyingi bado unaweza kuiingiza mwenyewe wakati wa kujisajili kwa safari (check-in) mtandaoni.

10. Bosi anapanda ndege ndogo hapa Tanga hadi Dar au Zanzibar, kisha anaunganisha. Kipande hicho kinahesabiwa?

Kwa kawaida hapana. Ile ni tiketi ya peke yake, ya kampuni ambayo haimo kwenye programu ya shirika kubwa. Maili zinaanza kuhesabiwa Dar.

Kinachonisumbua kwenye kipande hiki ni muda, maili naziacha. Kwa kuwa tiketi ni mbili tofauti, ndege ndogo ikichelewa, shirika kubwa halina deni na wewe. Ndege ndogo zinatua Jengo la Kwanza pale Dar, na za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, kwa hiyo kuna teksi katikati na foleni ya ukaguzi upya. Mzigo nao: ndege hizi mara nyingi zinaruhusu kilo 15, wakati tiketi ya kimataifa mara nyingi inaruhusu zaidi ya hapo. Mimi humwachia mzee saa tano kati ya ndege mbili. Akilalamika namkumbusha kwamba kwa barabara kutoka Kange hadi Dar ni karibu kilomita 350, na foleni ya Kibaha haijali una kadi ya dhahabu au huna.

## Maili hazijaingia

11. Safari imeisha wiki tatu, akaunti haijasogea. Nianzie wapi?

Tafuta vitu viwili: namba ya tiketi na pasi ya kupandia ndege.

Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 074 ni KLM, 176 ni Emirates, 706 ni Kenya Airways. Inasaidia, maana tiketi inaweza kutolewa na shirika moja na ndege ikawa ya lingine, na dai linapelekwa kwa programu ambayo namba yake ulitaka itumike. Tovuti zao zina fomu ya kudai maili zilizokosekana. Jaza, ambatisha picha, subiri. Kampuni nyingi zinafunga dirisha la madai baada ya miezi sita, kwa hiyo usilaze.

Sasa pasi ya kupandia. Uhasibu wanaitaka halisi ili wafunge masurufu ya safari, na ikishaingia kwenye faili lao imeingia. Ipige picha siku bosi anaporudi, kabla haijafika kwa mhasibu. Sababu ya pili ni joto letu: ile karatasi inafutika. Nimewahi kufungua droo mwezi wa tatu nikakuta pasi sita nyeupe kama barafu.

12. Bosi aliahirisha safari, tiketi ikabadilishwa. Au hakusafiri kabisa.

Ikibadilishwa, namba ya uanachama wakati mwingine inadondoka kwenye buking mpya. Iangalie upya kama swali la 9. Asiposafiri hakuna maili, hata kama nauli haikurudishwa.

## Zawadi, ofisi na sheria

13. Maili za safari za kazi ni za nani, bosi au ofisi?

Kwa kampuni ya ndege, ni za mwenye akaunti. Kwa ofisi, ni suala la kanuni za ofisi, na dunia haijakubaliana. Ujerumani mahakama kuu ya kazi iliamua mwaka 2006 kwamba mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi atumie maili za safari za kazi kwa safari za kazi. Marekani walikwenda njia nyingine: tangu mwishoni mwa 2001 watumishi wa serikali kuu wanaruhusiwa kubaki nazo.

Na zinaweza kumng'oa mtu. Julai 2002 Gregor Gysi alijiuzulu kama seneta (yaani waziri) wa uchumi wa jimbo la Berlin baada ya kukiri kwamba alitumia maili za safari za kibunge kwa safari zake binafsi. Mbunge Cem Özdemir naye aliguswa na sakata hilohilo mwaka huohuo. Hawakuiba hela taslimu. Walitumia maili.

Ofisi nyingi za hapa kwetu hazina neno lolote kuhusu hili kwenye kanuni za utumishi. Ukimya huo usiuchukulie kama ruhusa. Uliza, na jibu liandikwe.

14. Ajenti ananipa vocha kila nikikata tiketi tano kwake. Nipokee?

Swali hili huwa linaulizwa kwa sauti ya chini, na aliyeuliza huwa ameshapokea moja.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, haisemi watumishi wa serikali peke yao. Inamgusa anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, akapokea manufaa ili afanye au asifanye jambo kwenye shughuli za mwajiri wake. Sekretari wa kampuni binafsi anayempelekea ajenti mmoja tiketi zote kwa sababu ya vocha anasogelea kifungu hicho kwa miguu yake mwenyewe.

Kipimo ninachotumia ni kimoja: ningeweza kuiweka vocha hii juu ya meza ya mhasibu, mchana, nikaeleza imetoka wapi? Kalenda, naiweka. Kalamu na shajara, naweka. Programu ya hoteli iliyo wazi kwa kila mtu, yenye masharti yaliyoandikwa, ambayo bosi amekubali, naweka. Shilingi elfu hamsini iliyoingia kwenye simu saa tatu usiku, yenye ujumbe "asante dada kwa ushirikiano," siweki. Basi hiyo nairudisha.

15. Shirika moja ni ghali kidogo lakini linaipa ofisi pointi. Naweza kulichagua?

Toa tofauti ya bei kwanza. Kama tiketi imezidi kwa euro 90 na inaleta krediti za euro 20, umeitia ofisi hasara ya euro 70 ili uone namba ikipanda kwenye skrini. Nimeshuhudia mtu akimpitisha bosi Mombasa, kwa gari kupitia mpaka wa Horohoro, ili tu apande shirika lenye pointi. Walipojumlisha mafuta na posho ya dereva aliyelala, kila mtu alinyamaza.

Bei zikilingana au zikikaribiana sana, chagua lenye pointi bila wasiwasi. Weka bei tatu kwenye faili.

16. Mimi niko halmashauri. Yanahusu?

Ya 14 yanakuhusu mara mbili, kwa kuwa juu ya sheria ile una kanuni za maadili ya utumishi wa umma na taratibu za ununuzi. Usifungue akaunti ya pointi kwa jina la taasisi ya umma kwa uamuzi wako. Peleka kwa mkuu wako wa kitengo, asubiriwe mwanasheria.

17. Nimwambieje bosi bila kuonekana nina tamaa?

Andika dokezo fupi. Bosi akiambiwa kwa mdomo, wengine husikia "nataka maili zako." Langu lilikuwa hivi, na lilipita siku hiyohiyo:

"Mkurugenzi, tafadhali rejea safari za nje za mwaka huu. Shirika tunalolitumia zaidi lina akaunti ya pointi kwa kampuni, kujiunga ni bure, na maili zako binafsi haziguswi. Naomba idhini ya kuifungua kwa jina la kampuni, nikiwa msimamizi wa akaunti na mhasibu akipata taarifa ya salio kila robo mwaka. Naomba pia maelekezo yako kuhusu programu za hoteli zinazompa pointi anayeweka chumba, kama naruhusiwa kujiunga kwa jina langu. Naomba kuwasilisha."

Lile ombi la mwisho ndilo lenye faida kwako, na liko wazi. Mzee aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ya kwanza sawa. Ya pili sawa, isiongeze gharama." Nakala ninayo.

18. Pointi za ofisi zimefika za tiketi moja. Zitumikeje?

Wanaosafiri kila mwezi wasipewe wao. Sisi tulimpeleka fundi wa maabara kwenye mafunzo ambayo bajeti ilikuwa imeyakata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alirudi na mfuko wa karatasi wa kutapikia, hajautumia, kauweka kwenye fremu. Kumbuka tu kwamba tiketi ya pointi bado inalipiwa kodi na tozo, kwa hiyo uhasibu watenge hela kidogo.

## Mambo ya pembeni

19. Nina picha ya pasipoti ya bosi na nywila zake kwenye simu yangu. Kuna ubaya?

Upo. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi, na pasipoti ni taarifa binafsi bila ubishi. Weka nakala kwenye kompyuta ya ofisi yenye nywila, waulize wenyewe kama wanaridhia, futa ambazo hazihitajiki. Simu yako ikiibiwa kwenye daladala, unajua imekwenda na nini?

Namba ya uanachama unaweza kuwa nayo. Nywila ya akaunti binafsi ya bosi, bora akae nayo mwenyewe.

20. Naacha kazi. Akaunti ya kampuni inakuwaje?

Inabaki. Badilisha msimamizi kabla ya siku ya mwisho, kwenye fomu ya makabidhiano, sambamba na funguo za kabati. Ukiwa ulijiandikisha kwa barua pepe yako binafsi (nilikuonya swali la 4), mrithi wako atakupigia simu mwaka mzima. Pointi zako za hoteli zilizo kwa jina lako unaondoka nazo, maana bosi aliziruhusu kwa maandishi.

21. Bosi amefariki. Familia inaweza kurithi maili?

Masharti ya programu nyingi yanasema maili si mali ya mwanachama, kwa hiyo haziingii kwenye mirathi kama nyumba ya Raskazone. Baadhi ya mashirika, wakiletewa cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi, huwahamishia warithi kwa hiari yao. Muda ukipita, pole. Subiri msiba uishe ndipo uwaeleze wajane na watoto, na waambie mara moja tu.

22. Kuna mtu ananunua maili za mabosi kwa hela taslimu.

Karibu programu zote zinakataza kuuza. Akaunti inafungwa na salio linafutwa, na tiketi iliyotolewa kwa maili za kununua inaweza kukataliwa uwanjani. Usidhani mahakama itakuokoa: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia rabi mmoja aliyefutiwa uanachama na Northwest Airlines, tena yeye hakuuza kitu, alikuwa tu analalamika kupita kiasi kwa mujibu wa shirika.

23. Nimepata ujumbe "umeshinda maili 50,000, bonyeza hapa."

Usibonyeze.

24. Sijawahi kupanda ndege maishani. Naweza kujiunga na programu ya abiria kwa jina langu?

Unaweza, leo hii, kwa simu. Akaunti itakaa sifuri, na nyingine hujifunga zisipopata safari kwa muda mrefu. Ikifungwa unafungua tena. Yangu niliifungua mchana uleule nilipokuwa narekebisha jina la mzee, kwa pasipoti niliyoichukua kwa ajili ya safari ya Mombasa ya arusi. Ilikaa tupu hadi mwaka nilipotumwa Nairobi semina ya siku mbili. Nilikata tiketi mwenyewe, nikaweka namba yangu, jina herufi kwa herufi, nikapiga picha pasi zote mbili. Ziliingia siku ya nne.